Kuripoti Ubadilishaji wa IRA Kuwa Roth Kwenye Ritani ya Kodi ya Marekani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ndiyo ninayoulizwa zaidi na wazungumzaji wenzangu wa Kiswahili wanaofanya kazi Marekani, hasa kati ya mwisho wa Januari, bahasha za kodi zinapoanza kufika, na tarehe 15 Aprili. Karibu yote yanarudi kwenye jambo moja: kampuni inayotunza akaunti yako inajua fedha zilizotoka, lakini haijui ni kiasi gani cha fedha hizo ulikwisha kukilipia kodi, na mamlaka ya kodi, IRS, nayo haijui mpaka uiambie mwenyewe. Mifano mingi inatumia viwango vya mwaka wa kodi 2025. Anayejaza ritani ya mwaka mwingine atumie viwango vya mwaka wake.

Kubadilisha IRA kuwa Roth ni kufanya nini hasa?

IRA ya kawaida ni akaunti ya akiba ya uzeeni ambayo mchango wake, kwa watu wengi, hupunguza mapato yanayotozwa kodi mwaka ule wa kuchangia, na kodi husubiri hadi siku fedha zinapotolewa. Roth IRA, iliyopewa jina la Seneta William Roth wa Delaware na kuanza kutumika mwaka 1998, ni kinyume chake: unachangia fedha ambazo kodi yake imekwisha kulipwa, na ukitimiza masharti ya umri na muda unatoa mtaji pamoja na faida bila kodi. Kubadilisha ni kuzihamisha fedha kutoka akaunti ya kwanza kwenda ya pili, na sehemu ambayo haijawahi kulipiwa kodi huongezwa kwenye mapato yako ya mwaka ule ule.

Hadi mwaka 2009, mtu mwenye mapato yanayozidi dola 100,000 hakuruhusiwa kubadilisha. Kikomo hicho kiliondolewa kuanzia 2010, na tangu hapo umeenea mtindo unaoitwa mlango wa nyuma, ambapo mtu aliyepita kiwango cha mapato cha kuchangia Roth moja kwa moja huchangia IRA ya kawaida bila kudai punguzo, kisha huibadilisha. Kwa mwaka 2025 kiwango hicho huanza kumbana mtu asiye na ndoa kwenye dola 150,000 na kumfungia kabisa kwenye 165,000. Kwa wanandoa wanaojaza ritani pamoja ni 236,000 na 246,000. Njia yenyewe ni halali. Makosa huwa kwenye karatasi.

Nimeletewa Fomu 1099-R, taarifa ya fedha zilizotoka kwenye akaunti, inayoonyesha kwamba kiasi chote kinatozwa kodi. Je, ni kweli?

Si lazima iwe kweli, ingawa fomu yenyewe haina kosa. Ukiitazama, kisanduku cha 1 kina kiasi chote kilichotoka, na kisanduku cha 2a, ambacho ni cha kiasi kinachotozwa kodi, kwa kawaida kina tarakimu zile zile. Hapo ndipo watu hushtuka. Shusha jicho kidogo kwenye kisanduku cha 2b, uone alama iliyowekwa penye maneno yanayosema kwamba kiasi kinachotozwa kodi hakijabainishwa. Kampuni inakiri hapo kwamba haijui msingi wako, yaani fedha zilizokwisha kulipiwa kodi ambazo zimo ndani ya akaunti, na kwamba hesabu hiyo ni yako.

Mwaka wangu wa kwanza kubadilisha akaunti yangu mwenyewe, sikuitazama alama hiyo. Nilinakili namba ya kisanduku cha 2a kama ilivyo na nikalipa kodi kwa dola 5,500 ambazo kodi yake ilikwisha kukatwa kwenye mshahara wangu. Fedha zilirudi baada ya kupeleka Fomu 1040-X, ya kurekebisha ritani, lakini zilichukua miezi.

Tazama pia kisanduku cha 7. Namba 2 huwekwa kwa mtu ambaye hajafikisha miaka 59 na nusu, na namba 7 kwa aliyeivuka. Ukikuta namba 1 na wewe ulibadilisha tu bila kutia fedha mfukoni, iombe kampuni ikutolee fomu iliyosahihishwa, kwa sababu namba hiyo huashiria utoaji wa mapema unaotozwa asilimia 10 ya ziada.

Fomu 8606 hujazwaje?

Hii ndiyo fomu ya kuiambia IRS msingi wako, nayo ndiyo inayobeba mzigo wote, na anayeielewa hana sababu ya kuogopa zilizobaki. Tuchukue mfano wa muuguzi asiye na IRA nyingine yoyote. Februari 2025 aliweka dola 7,000, kiwango cha juu kwa mtu wa chini ya miaka 50, kwenye IRA ya kawaida bila kudai punguzo. Fedha zikakaa wiki chache, zikapata riba ya dola 12, na Machi akazibadilisha zote, dola 7,012.

Katika Sehemu ya Kwanza, mstari wa 1 anaandika 7,000, ambao ni mchango wa mwaka huo usiodaiwa punguzo. Mstari wa 2 ni wa msingi uliotoka miaka ya nyuma, na kwake ni sifuri, kwa hiyo mstari wa 3 unakuwa 7,000. Mstari wa 4 ni wa michango ya 2025 iliyowekwa baada ya mwaka kwisha, kabla ya siku ya mwisho ya Aprili. Yeye hana, kwa hiyo mstari wa 5 unabaki 7,000. Mstari wa 6 unauliza thamani ya IRA zake zote kufikia tarehe 31 Desemba, na kwa kuwa alihamisha kila kitu, anaandika sifuri. Mstari wa 7 ni wa fedha zilizotolewa bila kubadilishwa, nao ni sifuri. Mstari wa 8 ni kiasi kilichobadilishwa, 7,012, na mstari wa 9 unajumlisha mitatu hiyo na kupata 7,012 tena.

Mstari wa 10 ndio wa kuutulizia kichwa. Hapo 7,000 hugawanywa kwa 7,012, na fomu inataka jibu lenye tarakimu tatu au zaidi baada ya nukta. Ukiishia kwenye 0.998 utajikuta umetozwa kodi kwa dola 14 badala ya 12; ukifika 0.99829 hesabu inakaa sawa. Ni senti tu katika mfano huu, lakini kwa mwenye akaunti kubwa tofauti huonekana. Mstari wa 11 unatoa 7,000, kiasi kisichotozwa kodi. Katika Sehemu ya Pili, mstari wa 16 ni 7,012, wa 17 ni 7,000, na wa 18, ambao ndio jawabu la safari yote, ni 12.

Kwenye Fomu 1040, ambayo ndiyo ritani yenyewe, anaandika 7,012 mstari wa 4a na 12 mstari wa 4b. Mstari wa 14 wa Fomu 8606 unamwonyesha sifuri, maana yake hakuna msingi wa kuvusha kwenda mwaka unaofuata.

Nilibadilisha zile dola 7,000 nilizokwisha kuzilipia kodi. Mbona natozwa kodi tena?

Bila shaka una IRA nyingine. IRS huzihesabu IRA zako zote za kawaida, pamoja na za SEP na SIMPLE, zinazofunguliwa kupitia kazi au biashara ndogo, kama chungu kimoja, hata zikiwa kwenye kampuni tatu tofauti, na haikuruhusu kusema kwamba umechota fedha zilizolipiwa kodi peke yake. Kila dola inayotoka hutoka na mchanganyiko ule ule.

Tuseme una dola 56,000 kwenye IRA uliyohamishia akiba ya kazi ya zamani, fedha ambazo hazijawahi kulipiwa kodi, na ukafungua akaunti mpya, ukaweka 7,000 bila kudai punguzo, ukazibadilisha kesho yake. Mstari wa 6 utakuwa 56,000, wa 8 utakuwa 7,000, na wa 9 utakuwa 63,000. Uwiano ni 7,000 kwa 63,000, karibu asilimia 11. Kati ya zile 7,000 ulizobadilisha, 778 tu ndizo zisizotozwa kodi, na 6,222 zinaingia kwenye mapato yako. Msingi uliobaki, 6,222, haukupotea. Unaandikwa mstari wa 14 na kuanza upya kwenye mstari wa 2 wa mwaka ujao. Wengi huusahau hapo, na ukisahauliwa ni fedha zitakazotozwa kodi mara mbili.

Dawa ipo, lakini ni ya kabla ya mwaka kwisha. Ikiwa mfumo wa 401(k), yaani akiba ya uzeeni ya mwajiri wako, unapokea fedha kutoka nje, unaweza kuzihamishia huko zile 56,000, kwa sababu akaunti ya 401(k) haihesabiwi kwenye mstari wa 6. Kinachotazamwa ni salio la tarehe 31 Desemba ya mwaka wa kubadilisha. Mtu aliyekuja kwangu Machi na swali hili, nami nikatamani angekuja Novemba, sikuwa na la kumfanyia zaidi ya kuijaza fomu vizuri.

Nilichangia Aprili 2025 kwa ajili ya mwaka 2024, kisha nikabadilisha Mei 2025. Naripoti mwaka gani?

Yote miwili, kila tendo kwa mwaka wake. Mchango unaweza kuhesabiwa mwaka uliopita ukiwekwa kabla ya siku ya mwisho ya Aprili. Ubadilishaji huhesabiwa mwaka wa kalenda uliofanyika, bila muda wa nyongeza. Kwa hiyo ritani ya 2024 inabeba Fomu 8606 yenye Sehemu ya Kwanza tu, ikionyesha mchango wa 7,000 na msingi wa 7,000 kwenye mstari wa 14. Ritani ya 2025 inaanza na zile 7,000 kwenye mstari wa 2, kisha inaripoti ubadilishaji. Aliyeruka fomu ya 2024 kwa kuwa hakupata 1099-R yoyote mwaka huo hufika 2025 bila msingi, na programu humtoza kodi kwa kiasi chote.

Nimeingiza 1099-R kwenye programu ya kodi na deni limepanda ghafla. Nimekosea wapi?

Mara nyingi hujakosea, hujamaliza. Programu husoma 1099-R kwanza, haijui msingi wako, na huonyesha kodi ya kiasi chote. Endelea hadi sehemu ya michango, ueleze kwamba ulichangia IRA ya kawaida na kwamba hudai punguzo, kisha urudi ujibu kwamba fedha zilibadilishwa kuwa Roth. Kosa ninaloliona zaidi ni mtu kuandika mchango kwenye kisanduku cha Roth, kwa sababu akilini mwake fedha ziliishia Roth. Mchango uliingia IRA ya kawaida, na hivyo ndivyo unavyoripotiwa. Kabla ya kutuma, fungua nakala ya ritani na uitazame Fomu 8606 yenyewe kwa macho yako, mstari kwa mstari, usiamini kibonyezo cha kijani.

Kampuni ilikata kodi ya zuio wakati wa kubadilisha. Hiyo inaripotiwaje?

Chukua mtu wa miaka 45 aliyeomba kubadilisha dola 20,000 ambazo hazijalipiwa kodi, kampuni ikakata asilimia 10, dola 2,000, kwa kuwa hakujaza Fomu W-4R kuikataa. Zilizofika Roth ni 18,000, na hizo ndizo za mstari wa 16 wa Fomu 8606. Zile 2,000 ni fedha zilizotolewa. Zinaingia kwenye mapato, na juu yake zinatozwa asilimia 10 ya ziada, dola 200, kwa kuwa hajafika umri. Kodi iliyozuiwa, iliyo kwenye kisanduku cha 4 cha 1099-R, inadaiwa mstari wa 25b wa Fomu 1040 kama malipo. Akiwahi ndani ya siku 60 kuweka dola 2,000 za mfukoni kwenye Roth, ubadilishaji unarudi kuwa 20,000 na adhabu inaondoka. Ni heri kukataa zuio tangu mwanzo na kulipa kodi kwa fedha za pembeni.

Nilihamisha 401(k) moja kwa moja kwenda Roth IRA. Nijaze Fomu 8606?

Kwa uhamisho huo peke yake, hapana. 1099-R yake huwa na herufi G kwenye kisanduku cha 7, na hapa kisanduku cha 2a huwa na kiasi halisi kinachotozwa kodi kwa sababu mfumo wa mwajiri hutunza rekodi ya michango. Huripotiwa mistari ya 5a na 5b ya Fomu 1040, si 4a na 4b.

Mimi na mwenzangu tunajaza ritani moja. Je, Fomu 8606 nayo ni moja?

La. Herufi ya kwanza ya IRA husimama badala ya neno lenye maana ya mtu binafsi. Kila mmoja ana fomu yake, msingi wake na chungu chake. IRA kubwa ya mume haiharibu hesabu ya mke.

Nimejuta. Naweza kutengua ubadilishaji?

Kwa ubadilishaji uliofanyika kuanzia mwaka 2018, haiwezekani. Sheria ya kodi ya 2017 iliufunga mlango huo. Kinachoweza kubadilishwa aina bado ni mchango, kwa mfano aliyechangia Roth kisha akagundua mapato yake yamezidi kiwango anaweza kuuhamishia IRA ya kawaida kabla ya siku ya mwisho ya ritani pamoja na nyongeza ya muda.

Sikujaza Fomu 8606 miaka iliyopita, na sasa nimepata barua ya CP2000. Nifanye nini?

Barua ya CP2000 si hukumu, wala haimaanishi kwamba umetuhumiwa kudanganya. Kompyuta ya IRS imelinganisha 1099-R na ritani yako, haikuona maelezo, ikapendekeza kodi kwa kiasi chote. Barua hutoa kwa kawaida siku 30 za kujibu, au 60 kwa anayeishi nje ya Marekani. Weka alama kwamba hukubaliani, ambatanisha Fomu 8606 ya mwaka ule iliyojazwa kikamilifu, maelezo mafupi ya aya moja, na nakala za taarifa za akaunti zinazoonyesha mchango na ubadilishaji. Usilipe kwanza kwa hofu ukitarajia kudai baadaye.

Hata bila barua, fomu zilizorukwa zinaweza kupelekwa sasa. Adhabu ya kutoijaza ni dola 50, na husamehewa ukiwa na sababu ya kuridhisha. Ikiwa kodi ya mwaka ule haibadiliki, kinachohitajika ni fomu yenyewe, imetiwa sahihi. Ikiwa ulilipa kodi ya ziada, peleka 1040-X, na kwa kawaida una miaka mitatu tangu ulipowasilisha ritani ya kudai fedha zako.

Ubadilishaji unagusa nini kingine kwenye ritani?

Mapato yakipanda mwezi wa Desemba, kodi ya makadirio ya robo mwaka inaweza kuwa pungufu. Kwa jumla uko salama ukiwa umelipa asilimia 90 ya kodi ya mwaka huu au asilimia 100 ya mwaka uliopita, ambayo huwa asilimia 110 kwa aliyekuwa na mapato yanayozidi dola 150,000. Anayelipwa mshahara anaweza kumwomba mwajiri aongeze makato kwenye miezi ya mwisho, kwa kuwa makato ya mshahara huhesabiwa kama yamelipwa sawasawa mwaka mzima.

Bima ya afya inayonunuliwa kwenye soko la serikali inaweza kupoteza ruzuku, na mwenye Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee, anaweza kupandishiwa ada miaka miwili baadaye. Aliyefikisha miaka 73 lazima kwanza atoe kiwango cha lazima cha mwaka, na kiwango hicho hakibadilishwi kuwa Roth.

Majimbo nayo yana mambo yake. Texas na Washington hazikutozi kodi ya mapato kwa ubadilishaji, Minnesota hukutoza. New Jersey na Massachusetts hazikutoa punguzo ulipochangia, kwa hiyo msingi wako huko huwa mkubwa kuliko wa IRS na unahitaji hesabu ya pekee.

Nimerudi Nairobi lakini nina uraia wa Marekani. Nikibadilisha, naripoti huko?

Ndiyo, kama vile ungekuwa Dallas. Unapata hadi tarehe 15 Juni kuwasilisha, ingawa riba ya deni huanza kuhesabiwa Aprili. Msamaha wa mapato ya kazi ya nje, unaodaiwa kwa Fomu 2555, haugusi ubadilishaji, kwa sababu huo si ujira wa kazi. Na jambo linalowashangaza wengi: aliyesamehewa mshahara wake wote wa Nairobi au Dar es Salaam hawezi kuchangia IRA, maana hana mapato ya kazi yaliyobaki kwenye ritani, lakini anaweza kubadilisha aliyonayo. Kwa asiye raia na asiye mkaazi tena, fedha huripotiwa kwa Fomu 1042-S na kwa kawaida hukatwa asilimia 30, kwani Marekani haina mkataba wa kodi ya mapato na Kenya, Tanzania wala Uganda. Mafao ya NSSF, ya Kenya au ya Tanzania, si IRA na hayabadilishwi kuwa Roth.

Fomu 5498 imefika mwishoni mwa Mei, nimekwisha kutuma ritani. Nirekebishe?

Hapana, ikiwa namba zinalingana. Fomu hiyo haiambatanishwi na ritani. Kisanduku cha 1 kina mchango wako, cha 3 kina kiasi kilichobadilishwa kuwa Roth, na cha 5 thamani ya akaunti mwisho wa mwaka. Linganisha kisanduku cha 3 na mstari wa 16 wa Fomu 8606, kisha iweke kwenye jalada moja na 1099-R na nakala ya 8606. Jalada hilo litunzwe hadi dola ya mwisho itakapotoka kwenye IRA zako, kwa sababu mtu atakayetakiwa kuthibitisha msingi huo miaka 20 ijayo ni wewe, au wanao.